Sahani za Kuvuka Kichochoro

Jumatano, 31 Desemba 1997. Ramadhani mosi.

Watu wamefunga, mimi nimekula. Naliandika hilo mwanzo ili nilimalize. Saa mbili asubuhi nilifunga mlango wa jikoni, nikafunga na dirisha, nikanywa uji na vidonge vyangu vinane kwa kujificha, kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Dakta Wekesa kanikataza kufunga. "Ukikaa na kiu mchana kutwa utaliua figo," alisema, "na figo lenyewe si lako."

Kweli si langu. Ni la kakangu Shee. Alinipa Bombay mwaka jana, yeye akabaki na moja, mimi nikapata moja, na tangu hapo hatujapata kugombana vizuri. Kila nikitaka kumjibu namkumbuka amelala kitanda cha pili, ubavu umefungwa bendeji, ananiuliza mimi kama naumwa.

Hivi vidonge kazi yake ni kuivunja kinga ya mwili wangu makusudi. Ikipata nguvu italiona figo la Shee ni geni, italipiga vita mpaka life. Kwa hivyo nimekuwa nyumba isiyo na mlango, kila ugonjwa upitao njiani waingia bila hodi. Maagizo ya daktari nimeyabandika ukutani jikoni: nisikae penye watu wengi, nisipeane mikono, nisile kilichopikwa nje ya jikoni yangu, nisile sinia moja na watu. Na hii mvua ya Elnino tangu Oktoba haijakata, vyoo vimefurika, kipindupindu kimeingia mjini. "Mwaka huu, Mama Mejumaa, sikukuu itazame dirishani," alisema. Rahisi kwake. Yeye kwao Bungoma, na sikukuu ya kwao imekwisha wiki iliyopita.

Mimi nitazame dirishani! Mimi niliyepika pilau za harusi miaka kumi na minane, kuanzia hapa Kibokoni mpaka Bondeni. Haya.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Sahani ya kwanza imevuka kichochoro. Imetoka kwa Mwanakuu, nyumba ya mkabala. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tuliolewa mwezi mmoja, yeye akadumu, mimi nikaachwa. Mbaazi za nazi na mahamri, juu imefunikwa kwa kawa jipya la rangi tatu. Aliyeileta ni mwanawe, Athmani, mtu wa miaka ishirini na saba, karani wa bandari, ambaye kwao hajapata kubeba hata kijiko.

"Masalkheri, Mama Mejumaa."

"Masalkheri, mwanangu. Kwenu leo hakuna wasichana wa kutumwa?"

Akacheka, macho yako nyuma ya bega langu. Nyuma ya bega langu alikuwa Swabaha.

Swabaha ni binti ya Shee. Mamake alifariki yeye ana miaka sita, nikamlea mimi, na wote watatu twakaa nyumba hii. Mwanakuu keshadokeza kuwa Idi ikifika watakuja kuposa. Mtaa mzima wajua, sisi twajifanya hatujui, ndiyo adabu yenyewe.

Athmani alipoondoka nilimwambia Swabaha akamwage.

"Shangazi! Mwezi huu tumwage chakula?"

"Wewe ukiugua, mimi nakufa. Kamwage nyuma."

Alikwenda, lakini mlango aliufunga kwa nguvu. Ujia wa mfereji wazunguka nyuma ya nyumba zetu zote mbili, na huko paka wa mtaa huzaa na kufa. Sahani ikaoshwa, nikaitia mkate wa sinia wangu, kwa maana sahani ya futari hairudi tupu, hilo hata mtoto alijua. Juu nimepanga zabibu saba mfano wa ua. Mji huu ukiona mkate wenye ua la zabibu, ni wangu.

Ijumaa, 2 Januari

Mvua. Muhogo wa nazi kutoka kwa Mwanakuu. Paka wameshukuru.

Jumanne, 6 Januari

Nimekwenda kliniki. Dakta Wekesa kafurahi, figo linafanya kazi kama la kijana. Njia ya kurudi nikakutana na mke wa muuza vitambaa, mkono keshaunyosha tangu mbali. Mimi nikaweka wangu kifuani, nikainamisha kichwa. Mkono wake ukabaki hewani.

"Ala! Kumbe Bombay wamekutia figo na usultani pamoja?"

Wenzake wakacheka. Ningemwambia nini? Mtaa huu mzima ulichanga nipelekwe India, na sasa kila mmoja aona ana haki ya kunishika. Nimerudi nyumbani nimekasirika.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua. Alasiri wanawake walikaa barazani kwa Mwanakuu kukuna nazi, mbuzi sita kwa mpigo. Zamani mimi ndiye niliyewachekesha. Niliwatupia neno kutoka dirishani, nikauliza nani anayekuna na mbuzi butu hivyo, maana namsikia mpaka huku. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliangalia juu, kisha wakazungumza chini chini.

Jumamosi, 10 Januari

Sasa najua walizungumza nini.

Swabaha kaja kutoka kwa fundi wa nguo na macho mekundu. Nikambana mpaka akasema. Wasema damu niliyotiwa Bombay ilikuwa mbovu. Wasema nina ule ugonjwa usiotajwa, na hadithi ya figo ni kifuniko tu. Nilikwenda nimekonda, nimerudi na uso umevimba, nameza vidonge kwa saa, sipeani mkono, sili na watu. "Wasema daktari amekukataza usituambukize sisi," kasema Swabaha.

Nilicheka. Wallahi nilicheka kwa sauti. Mwaka mzima nimewaogopa wao, kumbe wao waniogopa mimi! Halafu nikaketi kwenye ngazi mpaka adhana.

Shee anacho kovu la shibiri nzima ubavuni. Awaoneshe basi. Lakini Shee kasema mwanamume havui shati barazani kwa ajili ya umbea wa wanawake.

Jumapili, 11 Januari

Mvua. Sahani imekuja, sahani imekwenda.

Jumatano, 14 Januari

Leo nataka kuandika pole pole nisije nikakosea.

Swabaha alikwenda Bondeni kununua uzi. Mwanakuu akatuma bokoboko la ngano na nyama, nalo lilinukia samli mpaka mate yakanijaa. Jana nilikuwa nimewapelekea kaimati ndani ya sahani ya marehemu mamangu, ile kubwa ya maua ya samawati, kwa maana nilitaka wajue nawaheshimu. Ilipokaribia magharibi nikajifunga leso, nikachukua hilo bokoboko, nikashuka nyuma mimi mwenyewe.

Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Penye mfereji nilikuta mkate wa sinia, ule niliourudia kupika Jumatatu. Mzima, haukukatwa. Zabibu saba juu yake, ua, zimevimba kwa maji. Kando yake kaimati zimetawanyika na paka mmoja mwenye jicho moja azilamba shira. Kulikuwa na sambusa. Kulikuwa na tambi za juzi. Kila aina niliyopika tangu mwezi uandame ilikuwa pale, nami niko na bokoboko la Mwanakuu mkononi.

Ndipo mlango wa nyuma wa kwao ukafunguka, akatoka Mwanakuu. Kashika sahani ya mamangu, na kaimati zilizobaki zimo ndani.

Tulitazamana. Sahani yake kwangu, sahani yangu kwake. Paka akatazama huku, akatazama huku.

"Masalkheri, Mejumaa," kasema.

"Masalkheri, Mwanakuu. Mvua hii."

"Mvua hii, yakhe. Haina mwisho."

Akaifunika sahani kwa ncha ya leso, nami nikaifunika yangu, na kila mmoja akarudi ndani na chakula cha mwenzake. Sikumwaga mpaka nilipousikia mlango wake umefungwa. Naye najua alingoja wangu.

Mimi hasira yangu sijui niielekeze wapi. Nikimlaumu yeye, nami nilikuwa nimekuja kwa kazi ile ile. Lakini mimi najikinga na kipindupindu. Yeye ajikinga na mimi.

Alhamisi, 15 Januari

Sahani imekuja kama kawaida. Viazi vya nazi. Athmani kasema mamake anisalimia sana.

Sahani ya mamangu haikurudi.

Jumapili, 18 Januari

Nimepika sambusa za nyama ya kusaga, zenye iliki na pilipili manga, moja moja nimezikunja kwa mikono hii. Swabaha kauliza kwa nini najisumbua hivyo na najua ziendako. Nikamwambia ikiwa wageni wangu ni paka, basi paka hao wasije wakasema Mejumaa alipungukiwa.

Jumanne, 20 Januari

Mwanakuu kaja. Kaketi kiti cha mlangoni, buibui hakuvua, maji hakutaka kwa sababu ya saumu.

"Mejumaa, nduyangu, tusizungushane. Tumeonana."

"Tumeonana."

"Mimi sijui una nini."

"Nina figo la Shee. Ndilo ninalo, sina lingine."

"Mimi nakuamini." Alisema hivyo akitazama sakafu. "Lakini wifi zangu wa Bondeni ndio wenye mtoto, na wao wamekataa katakata kuposa nyumba ambayo mwenyewe hali na watu. Basi sikiliza. Idi mosi twaja na posa. Pika wewe, pilau lako lile, nasi sote tutakula hapa, sinia moja. Wakuone watia mkono pamoja nao. Mtu mwenye lake moyoni hawezi. Ukila, maneno yatakufa."

"Na bokoboko lako, Mwanakuu? Mbona hukuniuliza kwa nini nilikuwa nalo kule?"

"Nimekuuliza? Sikukuuliza." Akainuka. "Idi mosi, baada ya alasiri."

Jumatano, 21 Januari

Nilimwambia Shee siwezi. Pilau langu sawa, lakini mikono minane ndani ya sinia na kipindupindu kimefika mtaa wa pili? Nikamwonesha karatasi ya Dakta Wekesa.

Shee alikuwa amerudi kutoka kazini, bandari ya samaki ya Liwatoni, anukia samaki na barafu. Hakuitazama karatasi. Ni mtu mpole, na maneno makali humtoka kwa shida.

"Mejumaa, mimi sijapata kukudai."

"Hujapata."

"Leo nakudai. Binti yangu ana miaka ishirini na miwili, ampenda yule kijana, na hakuna atakayekuja tena wakienda hawa. Nilikupa sehemu ya mwili wangu. Nipe mkono wako siniani siku moja."

Swabaha alikuwa mlangoni, asikia yote. Nilimngoja aseme, "Baba, mwache." Hakusema. Akaokota vikombe akaenda navyo jikoni. Mtoto niliyemlea! Nikajua wameshalizungumza hili wao wawili kabla yangu.

Nimekubali.

Jumapili, 25 Januari

Mvua. Sikumwuliza Dakta Wekesa. Jawabu lake nalijua.

Jumatano, 28 Januari

Nimesafisha mchele. Nimekaanga vitunguu. Mikono inakumbuka hata kama mimi sitaki. Swabaha kanibusu kichwani, mara ya kwanza tangu Jumatano ile. Nimemwacha anibusu.

Ijumaa, 30 Januari. Idi mosi.

Waliingia saa kumi na nusu. Wanaume wamebaki chini na Shee, wanawake wakapanda juu: Mwanakuu, wifi zake watatu wa Bondeni, na jamaa zao wawili. Wamevaa, wamenukia udi mpaka kifua kikanibana. Wote walinipa mkono. Wote. Waliyapanga haya, maana walipanga foleni. Nami nikautoa wangu, mmoja baada ya mmoja, na yule wifi mkubwa aliushika wangu kwa ncha za vidole, kisha nikamwona aufuta wake kwenye mkeka.

Sinia likawekwa. Pilau nililipika mimi, na wallahi halikuwa na kasoro, kila punje peke yake. Wao walikuja na kachumbari ya kwao, vitunguu vibichi na nyanya, wakaimwaga juu. Swabaha alipitisha birika la kunawia. Amevaa kijani, mzuri kupita kiasi. Tukakaa duara.

Wakanawa, wakaanza. Tonge moja moja, dogo. Wakasifu. Kisha wote wakanitazama mimi.

"Karibu, Mejumaa," kasema Mwanakuu.

Nikasema bismillahi. Nikatia mkono.

Nilikuwa bado sijafikisha tonge mdomoni wifi mkubwa akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba," akaondoa mkono. Wa pili, "Nimeshiba, Mungu akuzidishie." Wa tatu hata hakusema, aliomba birika. Wale jamaa wawili wakafuata. Sinia limejaa, hata robo haikuliwa, na watu wazima wanaotoka kwenye mwezi wa saumu wameshiba.

Alibaki Mwanakuu. Tonge liko mkononi mwake. Nilimtazama, naye akanitazama, na kwa muda mfupi alikuwa ni yule mwenzangu wa chuoni, tuliyekula naye embe moja kwa zamu, yeye akiuma mimi nikiuma. Nilimwombea Mungu alile. Kisha akaliweka tonge kwenye ukingo wa sinia, taratibu, kama mtu aliyeweka kitu atakachorudia.

"Nimeshiba," kasema.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Ningeweza kuinuka. Tonge langu moja lilikuwa la upande wangu, halijaguswa na mtu, na Mungu angenihifadhi. Lakini hasira ilinipanda mpaka utosini. Nikasema, "Basi mimi sijashiba." Nikala. Nikala upande wangu, nikala upande wa wifi mkubwa, palepale alipotia vidole. Nikala kachumbari yao. Nikalizungusha sinia nikala upande wa kila mmoja wao huku wametazama, na mwisho nikalichukua lile tonge la Mwanakuu ukingoni nikalitia mdomoni.

"Ahsanteni kwa kuja," nikawaambia. "Idi njema."

Swabaha alikuwa amesimama na birika, maji yamwagika kwenye mkeka wala hajui.

Jumamosi, 31 Januari

Idi pili. Mji mzima umekwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo na kuonesha nguo. Swabaha hakwenda. Nguo ya kijani ameikunja ameirudisha ndani ya karatasi ya fundi.

Athmani hakupita.

Jumapili, 1 Februari

Tumbo.

Jumatatu, 9 Februari. Hospitali.

Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu. Siku ya kwanza niliendesha mara ishirini na zaidi, kisha sikuhesabu. Dakta Wekesa hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Alisimama miguuni pa kitanda na karatasi za vipimo vya damu, akauliza nilikula nini na wapi, nami nikamweleza yote, mpaka tonge la mwisho. Akavua miwani.

"Mbona hukuniuliza, Mama?"

"Ungenikataza."

Nitapona, kasema. Figo ndilo halitarudi lilivyokuwa. Lilikauka maji siku mbili nzima, na kilichokufa ndani yake kimekufa. Litafanya kazi nusu, mwaka, labda miwili, kisha turudi kule tulikotoka.

Shee aliyasikia akiwa amesimama dirishani. Wala hakulia. Alikuja akaketi, ameshika mfuko wa mayai aliyoyachemsha mwenyewe, maji nayo ameyachemsha mwenyewe, ameyatia kwenye chupa ameifunga kwa kitambaa safi. Akamenya yai moja, vidole vyake vinene vya kubeba samaki, akalimenya vibaya.

"Sina jingine, Mejumaa," kasema.

Nikala lile yai.

Kisha akaniambia habari za kule. Wifi wa Bondeni wameleta salamu: wameswali istikhara, kumwomba Mungu awaongoze juu ya posa, na haikutoka vizuri. Watu hao hata Mungu wamempa kazi ya kubeba uwongo wao.

Jumamosi, 14 Februari

Nyumbani. Swabaha amefua mapazia yote, amepaka chokaa jikoni. Karatasi ya maagizo ya daktari ameiandika upya kwa herufi kubwa. Alasiri akasema, "Shangazi, siku ile ya baba ningesema neno." Nikamwambia ndiyo, ungesema. Sikumwambia si kitu. Ni kitu.

Jumanne, 17 Februari

Mvua imekata siku tatu sasa. Mfereji wa nyuma umekauka, na paka wamekonda.

Leo asubuhi hodi. Athmani, amesimama mbali na kizingiti, na macho hayakutafuta mtu nyuma ya bega langu.

"Mama amesema hii ni yako."

Sahani ya mamangu, ya maua ya samawati. Haikufunikwa. Haikuwa na kitu ndani, hata ndimu moja, hata chembe ya sukari. Miaka arobaini ya kukaa mtaa huu sijapata kuona sahani ikivuka kichochoro tupu. Niliinusa. Imesuguliwa kwa dawa ya kusafishia choo, tena si mara moja, mpaka ukingoni ua moja limefutika.

Swabaha aliiona, akataka kuivunja kwenye ngazi. Nikamnyang'anya.

"Iache. Nipakulie."

"Ndani ya hii?"

"Ndani ya hiyo hiyo."

Nimekula wali na samaki wa Shee, peke yangu, dirisha wazi. Mwezi mzima nyumba ile imeniletea sahani, na hii ndiyo ya kwanza ambayo Dakta Wekesa angeniruhusu kuilia.